Katuni Iliyokataa Kukunjwa

"Kamwene, Benigna. Mama yangu amegeuka Mngoni."

Ndivyo alivyoingia Leokadia Kihwele karakanani kwangu asubuhi ile, hata kiti hajavuta. Nyuma yake alikuwa binti yake Tumsifu, mtoto wa miaka sita, kavalishwa masweta mawili kwa ajili ya baridi ya Iringa, mkononi ana kipande cha muhogo wa kukaanga. Mimi ni Mngoni, wao ni Wahehe, na kati ya watani maneno kama hayo ndiyo salamu yenyewe. Nikajibu upesi.

"Hongera zake! Ameteseka sana huko Uheheni."

Leokadia hakucheka. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mama yake, Mama Fulgensia, tulimzika mwezi uliopita, na mimi nilikuwepo, na wali wa msiba nilirudia mara mbili. Nikaona aibu.

"Kaa, mdogo wangu. Kaeni wote wawili. Haya, nieleze taratibu."

"Nikueleze nini? Utaona mwenyewe. Tumsifu, mwite Bibi."

Mtoto akakisogelea kioo changu kikubwa cha ukutani, akakigusa kwa kiganja chenye mafuta ya muhogo, akaita, "Bibi! Njoo unisomee."

Na Mama Fulgensia akaja. Alikuwa vile vile alivyojichora mwenyewe miaka ile: mfupi, wa mviringo, kilemba cha buluu, miwani imeteleza hadi ncha ya pua, khanga kaifunga kiunoni kama mtu anayetaka kusonga ugali wa arusi. Nilizijua zile nukta mbili za mashavuni, maana mimi ndiye niliyeziweka aliponijia kulalamika kwamba katuni yake inaonekana kama mtu mwenye njaa.

Kazi yangu ndiyo hiyo, katuni. Mtu akinenepa, akinyoa, akiokoka na kutaka hereni zitolewe, anakuja kwangu nairekebisha katuni yake mara moja, na inabadilika kila mahali: benki, hospitali, shuleni, sokoni, hadi kwenye michezo ya watoto. Mama yangu alikuwa akisimulia kwamba zamani kila programu ilikudai ujichore upya. Huku una pua, kule huna, kwingine umekuwa mweupe kama sembe. Siku hizi unajichora mara moja, unahifadhi kwenye Kabati, na kila programu inaazima kutoka humo. Mtu mmoja, katuni moja. Ukivaa miwani maalumu ya Kabati ukaingia ndani ya katuni yako, inatazama unavyotembea, unavyojikuna, unavyovuta maneno, na inajifunza. Ukiivua, inaweza kubaki ikikufanyia vijikazi: kuitikia salamu, kukumbusha watu kikao, kumsomea mjukuu kitabu.

"Tulikuwa tumefika kwa kifaru," Mama Fulgensia alisema kutoka ukutani, kwa ile sauti yake ya puani. "Kifaru akazunguka mtaa mzima akiuliza, nani kaiona kofia yangu? Akamuuliza kobe, nani kaiona..."

Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akajipiga paja.

"Kofia, kofia! Mimi hapa koo limekauka! Nyumba nzima ya Wahehe haina hata kikombe cha ulanzi?"

Akaangua kicheko. Kilianzia tumboni, kikapanda kifuani, kikatokea puani na kumalizikia kwa mluzi. Tumsifu naye akacheka hadi muhogo ukamponyoka. Leokadia alikuwa amefumba macho.

"Mama yangu hajawahi kuonja ulanzi wala pombe nyingine maisha yake yote," alisema. "Jana kauomba kwenye kikao cha akina mama wa parokia. Padri yupo!"

"Padri alisemaje?"

"Benigna!"

"Nauliza tu."

"Benki nako kamwambia karani ana miguu kama ya korongo. Kwenye programu ya mapishi kuna mtu kauliza mchuzi unaongezwa nini uwe mzito, kamjibu aongeze mbwa, kama mnavyotutania ninyi Wangoni. Benigna, mama yangu hakuwa hivi, na hakucheka hivi. Nirudishie mama yangu."

Kicheko kile chenye mluzi nilikuwa nakijua. Nimelelewa nacho. Ni cha Mjomba wangu, Kanisius Mapunda.

*

Siku ya mazishi Mjomba Kanisius alifanya kazi yake ya utani na aliifanya barabara. Aliishi ukuta kwa ukuta na Mama Fulgensia miaka mingi, na hakuna siku aliyopita mlangoni pake bila kumwigiza. Kwetu mtani akifiwa, unakwenda, unachukua vazi la marehemu unalivaa, unatembea kama yeye, unasema kama yeye, unawatukana ndugu zake, unaingia kaburini unalala, hutoki mpaka upewe kitu. Waliofiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na mzigo unapungua. Lakini nusu ya ukoo wa Kihwele siku hizi wako mbali, wengine Kanada, wengine Oman, na msiba wanauhudhuria kwenye kioo. Khanga ya marehemu haiwafikii. Kwa hiyo familia wakampa Mjomba miwani na ufunguo wa katuni ya mama, akavaa vyote viwili, khanga mwilini na katuni kwenye kioo. Wa pale makaburini walimwona mzee mrefu mwenye ndevu kajifunga khanga. Wa Kanada walimwona Mama Fulgensia mwenyewe kalala kwenye kaburi lake, anadai jogoo.

Sasa kuna jambo lilianza kuniwasha kichwa.

"Leokadia, hebu subiri kwanza. Mama yako amezikwa. Kwa nini katuni yake bado inatembea?"

Mtu akifa, hospitali inapeleka taarifa na, mazishi yakishapita, Kabati linaikunja katuni yake. Inabaki picha tu, imetulia, ya kuweka sebuleni. Haisemi, haisomi, haisalimii. Na ikishakunjwa haikunjuki tena, hata fundi awe na mikono ya dhahabu.

Leokadia akaangalia chini. "Nilidhani ni huruma. Nilidhani wanatuachia kidogo tuzoee."

"Huruma? Lile ni kabati, dada."

Nikavuta stuli, nikaifungua katuni ya Mama Fulgensia kwa ndani, tabaka kwa tabaka. Katuni inajengeka kwa matabaka, kila ulipoivaa kuna lako la siku hiyo, na fundi akiyatazama anaona mtu alivyokuwa akibadilika: mwaka huu goti limeanza kuuma, mwaka huu kapata miwani, hapa alianza kuzungumza akiwa ameshika kiuno. Ni kazi ninayoipenda, siwezi kuficha. Nilikuwa napekua kama mtoto aliyepewa sanduku la bibi yake. Taarifa ya kifo niliikuta, imefika vizuri, imegongwa muhuri. Tabaka la juu yake ndilo lililonitoa kwenye stuli.

"Mama yangu mzazi!"

"Nini?" Leokadia akaruka.

"Walimkubali!"

"Nani kakubaliwa?"

Ikabidi nimweleze kinaganaga. Kabati lina mlinzi. Mtu mwingine akivaa katuni yako, mlinzi anapima mwendo wake, mikono yake, pumzi yake, na akiona si wewe anamwacha acheze lakini hahifadhi chochote. Mpwa wako akiiba miwani akacheza nayo, kesho katuni yako iko vile vile. Siku ya mazishi mlinzi alimpima Mjomba Kanisius, na Mjomba alimwigiza Mama Fulgensia vizuri mno, yule mwendo wa bata, ule mkono kiunoni, zile puani puani, kiasi kwamba mlinzi akasema: ndiye mwenyewe. Na kwa kuwa mwenyewe anaonekana anatembea, taarifa ya kifo itakuwa ni makosa ya makarani. Kabati na mlinzi wake wakaibatilisha.

"Wamefuta kifo?" Leokadia aliuliza.

"Wamekifuta. Kisha wakamtazama huyo Fulgensia wao, wakaona leo kachangamka kuliko siku zote, wakahifadhi na uchangamfu. Ulanzi, matusi, kicheko. Waliotengeneza Kabati hawana watani, naapa. Hawakuwahi kufikiria kwamba kuna watu wanampa jirani vazi la marehemu amwigize mbele ya jeneza, tena wao wenyewe ndio wanaompa ufunguo."

Leokadia alicheka kidogo, kisha akashika mdomo. "Kwa hiyo serikalini mama yuko hai."

"Anaweza hata kuitwa kwenye sensa."

"Haya. Basi futa hilo tabaka la mjomba wako. Arudi alivyokuwa."

Nikaacha kucheka. Nilikuwa nimeshaona kule swali hili linakoelekea, naye alikuwa hajaona.

"Leokadia, nikilifuta tabaka hilo, kinachobaki juu ni taarifa ya kifo. Mlinzi ataisoma, na atamkunja papo hapo."

"Na usipofuta?"

"Mtu aliyefutiwa kifo anatakiwa ajitokeze tena kabla ya kila mwezi kwisha, Kabati lijiridhishe. Mwezi wa kwanza unaisha leo jioni. Asipojitokeza mtu akakubaliwa, atakunjwa vile vile."

Tumsifu alikuwa amekaa sakafuni mbele ya kioo. Mama Fulgensia alikuwa amerudi kwa kifaru na kofia yake kama vile hapakutokea jambo, na mtoto alikuwa akimsogezea uso karibu aone picha. Mama yake alimtazama kwa muda. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Usiku huyu halali bila kusomewa naye," alisema. "Mimi mwenyewe nikikaa jikoni nikamsikia anasoma, naona nyumba ina watu. Benigna, mwite mjomba wako. Avae tena leo. Avae kila mwezi. Ila umwambie aache ulanzi."

Najua nilichotakiwa kusema. Fundi aliyeapishwa akiona kosa la namna hiyo anapaswa kuripoti, tena siku hiyo hiyo. Lakini nilikuwa nikimtazama yule mama kiooni anapepesa macho nyuma ya miwani yake, na ndani yangu kulikuwa na kidudu kinauliza: hivi Mjomba ataweza tena? Mlinzi atadanganyika mara ya pili, msiba umepoa na hakuna wa kumchekea? Nilikuwa na hamu ya kuona. Nikampigia.

*

Mjomba Kanisius aliingia akiwa ameinama, maana mlango wangu mfupi na yeye mrefu.

"Nasikia harufu ya Wahehe," alisema. "Ficheni mbwa wasije wakaliwa."

"Shikamoo, mtani," Leokadia alisema.

"Marahaba. Umekonda. Wangoni tukiwaacha mwezi mmoja tu, njaa hiyo!" Akampa Tumsifu pera kutoka mfukoni. "Wewe ndiye mke wangu, utanipikia lini?"

"Sipiki," Tumsifu alisema. "Babu Mtani, Bibi anacheka kama wewe."

"Nimeambiwa. Kapandishwa cheo."

Nikamweleza yote, na Leokadia akamweleza anachotaka. Alisikiliza akiwa amesimama, anazungusha kofia yake mikononi. Kisha akauliza jambo moja tu, kama ni leo peke yake. Leokadia akasema ndiyo, tuanze na leo. Mjomba akavaa miwani.

Sijui nisemeje. Alivuta pumzi, mabega yakashuka, tumbo likatoka, mkono ukaenda kiunoni, na mzee yule wa futi sita akawa mama mfupi mbele ya macho yangu bila khanga wala kilemba. Kwenye kioo, Mama Fulgensia aliacha kusoma akainua uso. Alitembea kuelekea kwetu kwa ule mwendo wake wa kupembea, akasimama, akarekebisha miwani kwa kidole cha kati. Hakukuwa na ulanzi wala mluzi. Taa ndogo ya mlinzi pembeni mwa kioo ilianza kupepesa njano, maana yake anapima.

"Leokadia," sauti ya puani ilisema. "Mtoto umemvalisha masweta mawili, wewe mwenyewe moja. Akili hiyo?"

Leokadia akatoa sauti kama mtu aliyeungua. Akasogea hadi pua yake inakaribia kugusa kioo.

"Mama," alisema. "Mama, ulijua?"

Mjomba alibaki na mkono kiunoni.

"Ulikuwa ukinipigia jioni, mimi kazi zimenibana, naiachia katuni yangu ikujibu. Shikamoo mama, mimi mzima, Tumsifu mzima, nitakuja Jumapili. Miezi yote ile ya mwisho, mama. Ulikuwa unaongea na katuni. Ulijua? Niambie tu kama ulijua."

Alikuwa analia waziwazi, kamasi na machozi. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Taa ya mlinzi ilikuwa bado njano, imebaki kidogo tu igeuke kijani. Neno lolote la puani lingetosha. Nilijua hivyo, na Mjomba aliniona nikijua.

Akavua miwani.

Kwenye kioo Mama Fulgensia alitikisika, akarudi kukaa na kitabu chake. Taa ikazima.

"Kwa nini?" Leokadia alimgeukia kwa hasira. "Sentensi moja! Ulilala kaburini kwake ukidai jogoo, leo sentensi moja imekushinda?"

"Imenishinda," Mjomba alisema. Hakuwa anatania hata kidogo. "Mwanangu, mimi namwigiza mama yako. Nilimwigiza akiwa hai akanirushia mwiko, nimemwigiza kafa. Watu wote wanajua ni Kanisius. Hata wale wa Kanada wanajua. Hilo unaloniuliza ni lake yeye, na alikwenda nalo. Nikikujibu nitakuwa mwizi."

"Hata ukisema uongo wa kunituliza?"

"Huo ndio kabisa."

Leokadia akampokonya miwani mkononi.

"Nitavaa mwenyewe."

*

Nilipaswa kumzuia. Nilijiambia kwamba mlinzi hatamkubali, basi ajaribu, ajue, ayamalize. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona.

Alijipanga katikati ya karakana. Akajaribu mwendo wa kupembea, akaonekana kama mtu aliyekanyaga mwiba. Akaweka mkono kiunoni, akautoa, akaweka mwingine. Alipofungua mdomo kusema puani, kikatoka kikohozi. Kwenye kioo mama wa watu alikuwa akiyumba kama mlevi, na mlinzi hakuchukua muda kusema kwa ile sauti yake ya upole: "Samahani, hujatambulika."

Akarudia. "Samahani, hujatambulika."

"Mimi ni mtoto wake!" Leokadia alikipigia kioo kelele. "Nimetoka tumboni mwake! Mnamtambua Mngoni, mimi mnasema hamnitambui?"

Mjomba alikuwa amegeukia dirishani. Ni Tumsifu aliyeinuka kutoka sakafuni, mdomo umejaa pera, akamvuta mama yake sketi.

"Mama, Bibi alikuwa anajua."

"Anajua nini, mwanangu?"

"Kwamba si wewe. Nilipokuwa kwake likizo, Bibi akikupigia alikuwa ananiambia, haya, katuni ya mama yako hiyo. Anaweka na katuni yake. Anasema, waache wasalimiane, sisi twende tukachume majani ya maboga."

Leokadia akamwinamia mtoto.

"Anaweka katuni yake?" Leokadia aliuliza polepole.

"Ndiyo. Zinasalimiana zenyewe muda mrefu. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, hali yako, nzuri, ya kwako. Tunarudi na majani, bado zinaulizana hali."

Nilimwona Leokadia akilipokea lile jambo. Lilimwingia kwanza usoni, kisha mabegani. Miezi ile yote aliyokuwa anakosa usingizi kwa ajili yake, kumbe hapakuwa na mtu upande huu wala upande ule. Katuni mbili, zinaulizana hali, na mama yake yuko bustanini kajifunga khanga anachuma mboga na mjukuu wake.

Akacheka.

Hakikuwa kicheko cha Mjomba. Kilitoka ghafla, kifupi, kikakatika kama mtu aliyepaliwa, kikarudi tena kwa juu zaidi, na mkono wenyewe, bila kuamriwa, ukaenda kushika kiuno. Mjomba Kanisius aligeuka kutoka dirishani kana kwamba ameitwa jina. Mimi nilitazama kioo. Mama Fulgensia alikuwa anacheka. Ni yeye, yule niliyemjua, aliyekuja kulalamika kuhusu mashavu. Taa ikageuka kijani.

"Karibu tena, Fulgensia," mlinzi alisema.

"Wee!" nilipiga kelele. Haki ya Mungu nilifurahi. Kwa dakika ile sikufikiria sheria wala kiapo, nilikuwa fundi aliyeona kitu ambacho hajawahi kukiona. Tabaka jipya lilikuwa linaandikwa juu ya lile la Mjomba, safi, bila mluzi. Mama alikuwa amerudi.

Leokadia alikuwa amejishika mdomo. "Amenikubali?"

"Amekukubali! Umemrudisha!"

Lakini mlinzi alikuwa hajamaliza. Kioo kikagawanyika. Upande mmoja alisimama Mama Fulgensia na kilemba chake. Upande wa pili ikatokea katuni ya Leokadia mwenyewe, nywele za kusuka, koti la kazini, uso wa mtu anayewahi mahali.

"Tumegundua kwamba mtu mmoja anatumia katuni mbili," mlinzi alisema. "Tafadhali chagua utakayoihifadhi. Katuni iliyochaguliwa itatumika kwenye programu zako zote. Nyingine itakunjwa."

Furaha yangu ikaisha pale pale. Nilikaa kwenye stuli nikatafuta njia kwa vidole, nikafungua hiki, nikafunga kile. Hapakuwa na njia. Mjomba alikuwa ameigiza, huyu alicheka kicheko chake mwenyewe ambacho ni cha mama pia; kwa mlinzi, mwili ule ulikuwa na wenyewe wawili, na hilo Kabati halikubali.

"Nieleze kwa Kiswahili chepesi," Leokadia alisema.

"Ukimchagua mama, anabaki. Atasoma, atasalimia, kicheko chake mwenyewe. Lakini ndiye utakayekuwa. Kazini ukiingia kikaoni, ni yeye. Benki, ni yeye. Shule wakimwita mzazi wa Tumsifu, anayekuja ni yeye. Leokadia anakunjwa."

"Na kinyume chake?"

"Unajua."

Alizitazama zile katuni mbili muda mrefu. Nilijua anapima kweli. Mtu asiseme kwamba jambo hilo ni la kipumbavu. Mimi mwenyewe, kama mama yangu angesimama pale na kilemba chake, sijui. Alinyoosha mkono kuelekea upande wa mama yake. Aliugusa ukingo wa kioo, hajabonyeza.

Tumsifu alikuwa anatazama mkono ule.

"Mama," aliuliza, "ukiwa Bibi, mimi nitamwita nani Mama?"

Hakuwa analia. Aliuliza tu, kama anavyouliza kwa nini kifaru ana pembe, na alikuwa anasubiri jibu. Leokadia akavua miwani, akampa Mjomba, akajifuta uso kwa mikono miwili, akarudi mbele ya kioo akaweka kiganja kizima kwenye picha yake mwenyewe.

Katuni yake ikasogea katikati. Mama Fulgensia akabaki pembeni, anatutazama.

"Ili kuikunja katuni hii, thibitisha," mlinzi alisema. "Je, Fulgensia Kihwele yuko hai?"

Tangu siku ya msiba nilikuwa nimemsikia Leokadia akisema ametutoka, akisema kapumzika, akisema hayupo. Mlinzi asingeelewa hata moja kati ya hayo.

"Hapana," alisema.

"Tafadhali taja hali ya mwenye katuni."

Akamvuta mtoto akamkumbatia mbele yake, mgongo wa Tumsifu tumboni kwake, wote wawili wanatazama kioo.

"Amekufa," alisema. "Mama yangu amekufa."

Mama Fulgensia alifunga kitabu. Akainua mkono kurekebisha miwani, na kabla kidole hakijafika akatulia hivyo hivyo, mkono hewani, picha.

Mjomba Kanisius alisimama pale na miwani mkononi, midomo inamcheza, nikadhani anatafuta utani wa kutuvusha. Alikwenda hadi kwa Leokadia, akavua kofia, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili kama anavyofanya mtu mwingine yeyote asiye mtani.

"Pole sana, mwanangu," alisema, na machozi yakaanza kumtoka.